Mwenye Ushuru wa Mvita

Tarehe ya Mombasa husimuliwa kwa majina ya waliotawala: Mreno, Imamu wa Oman, Mazrui, Busaidi, Mwingereza, kisha Nairobi. Mpangilio huo una faida yake, lakini unaficha jambo ambalo kila mara ndilo lililoamua nani ana nguvu mjini, nalo ni ushuru wa bandari. Vyeo vya wenyeji, tangu sultani hadi liwali hadi meya, mara nyingi viliachwa visimame hata chini ya watawala wakali. Kilichogombaniwa hadi damu ikamwagika ni nani apokee fedha za majahazi na meli, na kiasi gani kibaki kisiwani. Ukizifuata karne nne hizi kwa uzi huo, utaona kwamba serikali kuu haikuhitaji kuwaondoa wakuu wa Mombasa ili iwatawale. Ilitosha kuwaondolea mapato.

Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walikuwa wamekwisha kumleta Mvita, yaani Mombasa, mtawala wa Malindi, ambaye jamaa zake walikuwa marafiki wa Ureno tangu safari ya Vasco da Gama. Walimkalisha kwenye kiti cha masheikh wa zamani wa mji, na wakakubaliana apate theluthi ya ushuru wa forodha. Theluthi hiyo ndiyo iliyoufanya usultani wake uwe na maana. Mwanawe, Sultani Hassan, alipokosana na kapteni wa ngome, alikimbilia bara, akauawa mwaka 1614 upande wa Rabai na watu waliolipwa na kapteni, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mtoto wake Yusuf alilelewa hukohuko Goa, akabatizwa, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme mtiifu. Agosti 1631 mfalme huyo alimwua kapteni ndani ya ngome, na Wareno wa mjini wakauawa pamoja naye. Wareno waliporudi hawakumweka tena mfalme mwenyeji. Waliona kwamba mtu mwenye kiti na sehemu ya mapato anaweza siku moja kudai vyote viwili.

Waomani waliitwaa ngome Desemba 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, nao wakakutana na tatizo lilelile. Maskati iko mbali, na mawasiliano yalitegemea kaskazi na kusi. Liwali aliyetumwa na Imamu alikuwa na msimu mzima wa kufanya atakavyo kabla habari hazijafika. Kutoka hapo ukazaliwa utawala wa Mazrui. Katika miaka ya 1740 Ahmad bin Said Al Busaidi alishika uimamu huko Oman, na liwali Muhammad bin Uthman al-Mazrui akakataa kumtii, kwa hoja kwamba Ahmad naye alikuwa liwali tu aliyejitwalia mamlaka. Imamu alituma watu wakamwua, lakini nduguye Ali bin Uthman alitoroka kifungoni na kuirejesha ngome kwa msaada wa wenyeji. Msaada huo ndio siri ya miaka karibu mia ya Mazrui. Mji ulikuwa wa mataifa kumi na mawili: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa waliokuwa na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi na wengineo. Kila upande ulikuwa na tamimu wake, yaani msemaji na mwamuzi, na kila upande ulikuwa na ahadi zake na makabila ya Mijikenda ya bara, waliowauzia nafaka na pembe na kuwapa wapiganaji wakati wa vita. Mazrui alikaa ngomeni, lakini hakuweza kutawala bila matamimu. Kwa kuwa mapato yalibaki kisiwani, alikuwa na cha kugawa.

Wengi hawautazami ipasavyo mwaka 1824. Mazrui, wakimwogopa Seyyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, walimwomba Kapteni Owen wa meli za Kiingereza awape himaya. Mkataba uliwaachia Mazrui utawala, ukapiga marufuku biashara ya watumwa, na ukagawa ushuru wa forodha nusu kwa nusu. Himaya hiyo ilikwisha mwaka 1826, London ilipokataa kuithibitisha, lakini masharti yake yanaonyesha kwamba pande zote mbili zilijua jambo la kuzungumza ni lipi.

Seyyid Said naye alijua. Alitumia bunduki, lakini zaidi alitumia ufa uliokuwa kati ya mataifa ya mjini na ndani ya ukoo wa Mazrui wenyewe. Mwaka 1837 aliwakamata wakuu wa Mazrui, wakapelekwa Unguja na kisha Bandar Abbas; jamaa zao waliobaki wakahamia Gazi na Takaungu. Matamimu hakuwagusa. Walibaki na heshima zao, joho zao na zawadi za mwaka. Forodha ndiyo iliyohama: iliingizwa katika mkataba wa forodha zote za pwani, ambao nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikuwa imekodishwa na Seyyid huko Unguja. Kuanzia hapo mzee wa Kilindini aliweza kusuluhisha ugomvi wa mirathi, lakini hakuweza kujenga hata kisima kwa fedha iliyopita mbele ya macho yake.

Waingereza walirithi mpango huo. Mwaka 1895 waliahidi kumlipa Sultani wa Unguja pauni 17,000 kwa mwaka kwa ajili ya mwambao, wakamwachia bendera nyekundu ngomeni, maliwali na makadhi. Kodi ya pango ilikwenda Unguja, mapato ya bandari yakaenda kwa serikali ya himaya, na makao makuu yakahamishiwa Nairobi mwaka 1905. Mzozo wa mwambao, yaani kama ubaki ndani ya Kenya au ujitenge, ulipowaka miaka ya 1960, sehemu kubwa ya mjadala ilihusu bendera, kadhi na uhuru wa dini. Mkataba wa Oktoba 1963 kati ya Kenyatta wa Kenya na Shamte wa Zanzibar ulilinda makadhi. Ushuru haukulindiwa mtu. Serikali ya majimbo iliyopiganiwa na Ronald Ngala na chama chake cha KADU haikumaliza hata miaka miwili, na mwaka 1969 sheria ikazinyang'anya halmashauri za wilaya shule za msingi, afya na barabara. Manispaa ya Mombasa iliachiwa baadhi ya kazi hizo, bila bandari.

Kuna pingamizi mbili zinazostahili jibu. Ya kwanza husema bandari si ya Mombasa. Imejengwa kwa fedha za nchi nzima, inazihudumia Uganda, Rwanda na Kongo, na Wajir isiyo na bahari ina haki nayo. Hoja hii ni ya kweli, nami sidai ushuru wote ubaki Mvita. Lakini kati ya vyote na bure kuna nafasi kubwa, na theluthi ya Wareno na nusu ya Owen zinathibitisha kwamba hata wageni waliokuja kwa mizinga waliikubali nafasi hiyo. Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: nguvu za wenyeji hazikuwa haki kwa kila mtu. Mazrui na masheikh wa mjini walimiliki watumwa, na ni serikali ya Kiingereza iliyofuta hadhi ya utumwa mwambaoni mwaka 1907. Mtumwa wa shamba la Takaungu hakuwa na tamimu wa kumsemea. Hilo haliwezi kupunguzwa makali. Linachothibitisha ni kwamba serikali kuu lazima iwe na sauti juu ya haki za watu. Halithibitishi kwamba lazima iwe na kila senti.

Katiba ya 2010 ilirudisha serikali za mashinani, na Mombasa ikawa kaunti namba 001. Kaunti zote zimeahidiwa angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, nao ni mgao unaopangwa Nairobi. Udhaifu wake ulionekana mwaka 2019, amri ilipotoka kwamba makontena yasafirishwe kwa reli ya SGR hadi Nairobi. Malori yaliegeshwa. Fundi wa gereji wa Miritini, mama lishe wa Changamwe na wakala wa kutoa mizigo walikosa kazi kwa uamuzi ambao kaunti yao haikuweza kuuzuia, na watu wakaingia barabarani. Mahakama Kuu ya Mombasa iliikataa amri hiyo Novemba 2020, na Septemba 2022 rais mpya akatangaza kuiondoa. Aliyeiweka alikuwa Nairobi, na aliyeiondoa pia. Hata hivyo Jedwali la Nne la katiba hiyo linaitaja bandari miongoni mwa kazi za kaunti, isipokuwa udhibiti wa usafiri wa meli wa kitaifa na kimataifa. Maneno hayo hayajawahi kutafsiriwa kuwa fedha. Wabunge wa pwani wana wajibu wa kuyageuza kuwa sheria yenye kiwango kilichoandikwa wazi, kabla gati lolote halijakodishwa kwa mkataba utakaofunga mikono ya kaunti kwa miongo mingine.