Uchachukaji si Uchachushaji

Kiingereza kina neno moja, fermentation, kwa mabadiliko yanayoufanya utamu wa tunda kuwa kileo. Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchemka, kwa sababu maji ya tunda hutokota na kutoa povu ingawa hayakubandikwa motoni. Wenye Kiswahili waliona jambo hilohilo: bahari ikichafuka imechacha, na mchuzi uliolala ukatoa vipovu nao umechacha. Tunavyo pia chachu, kuchachuka na kuchachusha. Kinachonisikitisha ni kwamba maandishi yetu ya sayansi hutumia mara uchachukaji, mara uchachushaji, kana kwamba ni mamoja. Anayetengeneza sida nyumbani huona kwa macho yake kwamba sivyo.

Sida ni kileo cha matufaha. (Marekani jina hilo huitwa hata maji ya tufaha ambayo hayajawa kileo, kwa hiyo mfasiri aangalie kwanza matini imetoka wapi.) Katika majimbo ya Herefordshire na Somerset, Uingereza, msimu wa vuli matufaha husagwa, hukamuliwa kwa shinikizo, na maji yake humiminwa katika chombo chenye shingo nyembamba. Hata asipotia kitu mtu, baada ya siku chache povu hupanda, maana chachu za mwituni ziko kwenye maganda na kwenye shinikizo lenyewe. Hapo hakuna aliyechachusha kwa mkono wake, maji yamechachuka. Huo ni uchachukaji, na ndiyo istilahi ninayoitetea kwa badiliko lenyewe la sukari kuwa ethanoli na hewa ya ukaa.

Joseph Louis Gay-Lussac alilitafutia badiliko hilo hesabu mwaka 1815. Kwa vipimo vya leo, gramu 180 za glukosi huzaa gramu 92 za ethanoli na 88 za hewa ya ukaa. Nani hufanya kazi hiyo? Louis Pasteur alionyesha kwamba ni kiumbe hai, chachu. Kisha mwaka 1897 Eduard Buchner akasaga chachu, akakamua maji yasiyo na seli hata moja iliyo hai, na sukari ikachachuka vilevile: vimeng'enya vilitosha.

Uchachushaji ni kazi ya mtu. Ndio kuchagua chachu ya kupanda, kulinda joto lisizidi nyuzi 20 hivi, na kufunga chombo kwa kizibo chenye kibomba cha maji, gesi itoke na hewa isiingie. Ndio pia kupima kwa haidromita. Maji ya matufaha yakianza na densiti ya 1.050 yakashuka hadi 1.000, kileo kimefika takribani asilimia 6.5. Asiyepima akawahi kujaza chupa yumo hatarini: gramu 20 za sukari zikibaki katika kila lita, huzaa kama lita 5 za gesi, na chupa ya kawaida inaweza kupasuka mkononi. Mwongozo wa sida unaoandika "uchachushaji umekwisha" humfanya msomaji adhani kazi yake imekwisha. Kilichokwisha ni uchachukaji. Yeye bado ana kazi.

Kuchacha nako kubaki na maana yake ya kuharibika. Hewa ikipata njia, bakteria hutumia oksijeni kuigeuza ethanoli kuwa asidi ya asetiki, na sida huwa siki. Watu wa pwani wanazijua hatua hizi kwa tembo la mnazi: likigemwa ni tamu, likikaa huwa kali, likiachwa zaidi ni siki. Vitabu vingi huliita badiliko hilo la mwisho kwa neno lilelile la Kiingereza, ingawa lahitaji hewa na lile la kwanza halihitaji. Kwa Kiswahili ningeandika tu "kugeuka siki", na kila mtu ataelewa.

Imebaki hamira, neno tulilolipata kwa Waarabu, ambalo baadhi ya wafasiri huliweka popote penye chachu. Chachu ya mwokaji na ya mtengeneza kileo kwa kawaida ni spishi moja, Saccharomyces cerevisiae, lakini ya mwokaji imeteuliwa kwa wepesi wake wa kuumua unga. Katika mapishi ya sida iandikwe chachu, na aina yake itajwe.