Halo 2, Mombasa ya Mwaka 2552 na Mizani ya Mchezo wa Mwendelezo

Halo 2, mchezo wa video uliotengenezwa na studio ya Bungie na kuingizwa sokoni na Microsoft tarehe 9 Novemba 2004, una nafasi yake ya pekee katika historia ya michezo ya mwendelezo, yaani michezo inayochukua hadithi, wahusika na kanuni za mchezo uliotangulia na kuzisogeza mbele. Nafasi hiyo imetokana na kuhukumiwa kwake mara mbili, kwani ulipotoka ulilaumiwa kwa hadithi iliyokatwa kabla ya kufika mwisho, ilhali miaka michache baadaye ulianza kutajwa kuwa ndio uliowafundisha watu kucheza pamoja kwa intaneti wakiwa majumbani mwao. Kwa msomaji wa Kiswahili kuna sababu nyingine ya kuuchunguza, kwa kuwa vita vyake vya ardhini, katika sehemu inayohusu sayari yetu, vinapiganwa Mombasa.

Mchezo huu ni wa bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi za kubuni zinazojengwa juu ya sayansi na teknolojia ambazo wanadamu bado hawajazifikia, na umo katika tawi la michezo ya kufyatua risasi ambamo mchezaji huuona ulimwengu kwa macho ya mhusika, silaha ikionekana mbele yake sehemu ya chini ya skrini. Tawi hilo lilipata umbo linalojulikana leo kupitia Doom, mchezo wa kampuni ya id Software ya Texas uliotolewa tarehe 10 Desemba 1993, ambao sehemu yake ya kwanza, yenye ramani 9, iligawiwa bure ili atakayenogewa alipie sehemu zilizobaki. Tangu mwanzo wakaguzi walitatizika kuupima mchezo wa namna hii, na jarida la Edge la Uingereza liliupa Doom alama 7 kati ya 10 tu, ingawa baadaye mchezo huo ulikuja kuhesabiwa miongoni mwa nguzo za fani yake.

Ugumu wa kupima ulizidi mwendelezo wake ulipofika madukani mwezi Oktoba 1994. Doom II ulitumia injini ileile, yaani programu ya msingi inayochora mandhari na kuendesha mwendo wa kila kitu kilichomo, ukaongeza silaha moja tu, bunduki ya mitutu miwili, pamoja na maadui kadhaa wapya. Kwa mtu anayehesabu mambo mapya, huo ulikuwa mchezo wa jana uliorefushwa. Lakini mmoja wa maadui hao, Arch-vile, aliweza kuwafufua wenzake waliokwisha kuuawa, na kuwapo kwake kulimlazimu mchezaji kuamua upya amkabili nani kwanza, ajifiche wapi na risasi zake amwekee nani. Kwa kuwa faili za ramani zingeweza kufunguliwa na kuhaririwa na watu wa nje, wapenzi wa mchezo walianza kujenga ramani zao wenyewe, nao hadi leo huchagua mara nyingi kujenga juu ya Doom II kuliko juu ya mtangulizi wake, kwa sababu maadui wale wapya huwapa mengi zaidi ya kubuni. Mwezi Machi 2022, John Romero, mmoja wa waasisi wa id Software, alitoa ramani mpya ya Doom II ili kuchangisha fedha za misaada kwa watu wa Ukraine, miaka 27 baada ya mchezo kuuzwa kwa mara ya kwanza. Thamani ya aina hiyo isingeweza kuonekana katika wiki ya kwanza ya mauzo, na jambo hili lafaa likumbukwe pale Halo 2 unapojadiliwa.

Bungie ilianzishwa Chicago mwaka 1991 na ilijulikana kwanza kwa watumiaji wa kompyuta za Macintosh kupitia mfululizo wa Marathon. Microsoft iliinunua mwaka 2000, wakati ilipokuwa ikitafuta mchezo wa kuibeba mashine yake mpya ya michezo ya video, Xbox, na Halo wa kwanza ukatoka pamoja na mashine hiyo tarehe 15 Novemba 2001. Humo mchezaji alikuwa askari mwenye deraya, Master Chief, anayepambana na Covenant, muungano wa viumbe wa sayari nyingine wanaoshikilia dini moja na wanaotaka kuwaangamiza wanadamu. Mchezo haukuwa na njia ya kuchezwa kwa intaneti kwenye Xbox, lakini mashine 4 ziliweza kuunganishwa kwa waya na watu 16 wakashindana wakiwa pamoja, na huko, katika mabweni ya vyuo na sebule za Marekani, ndiko sifa yake ilikokua zaidi.

Mwezi Mei 2003, katika maonyesho ya michezo ya video ya E3 jijini Los Angeles, Bungie ilionyesha kipande cha mwendelezo. Watazamaji waliona mji uitwao New Mombasa ukishambuliwa, mizinga ikinguruma juu ya mapaa, Master Chief akishika silaha mbili kwa pamoja na kulidandia gari la adui akiwa amemng'oa dereva wake. Kipande hicho kiliahidi vita vya kuitetea dunia. Kumbe injini iliyokiendesha, pamoja na namna yake ya kukokotoa mwanga na vivuli, ilikuwa nzito kuliko uwezo wa Xbox, hivyo ilibidi itupwe na kazi kubwa ianzwe upya muda ukiwa umebaki mdogo. Wasanii na wahandisi wa Bungie wamesimulia hadharani mara kadhaa jinsi miezi ya mwisho ilivyowachosha kupita kiasi, na jinsi sehemu ya mwisho ya hadithi, ambamo Master Chief angerudi duniani kuyamaliza mapambano, ilivyokatwa. Kilichouzwa Novemba 2004 kilikuwa na hatua mbili tu za vita vya ardhini katika Mombasa, kisha hadithi ikahamia anga za mbali, na ikakoma ghafla pale shujaa anapotangaza kwamba anarudi kuikamilisha vita.

Mauzo hayakujali kasoro hiyo. Microsoft ilitangaza kwamba katika saa 24 za kwanza, Marekani na Kanada peke yake, ziliuzwa nakala milioni 2.4 zenye thamani ya dola milioni 125. Wakaguzi nao waliusifu, na Metacritic, tovuti inayokusanya alama za wakaguzi wengi na kuzigeuza wastani mmoja, iliuweka kwenye 95 kati ya 100, pointi 2 tu chini ya mtangulizi wake. Wachezaji ndio waliogawanyika. Wengi walikasirishwa na mwisho ule, na wengine hawakupenda kwamba karibu nusu ya hadithi iliwaweka ndani ya mwili wa Arbiter, kamanda wa Covenant aliyevuliwa heshima baada ya kushindwa, badala ya kuwaacha na shujaa waliyemzoea. Lawama ya kwanza ni ya haki, kwa sababu mtu aliyeahidiwa vita vya kuiokoa dunia alinunua mwanzo wa vita hivyo tu. Ile ya pili haikuwa na uzito, kwani kumtazama adui kwa macho yake mwenyewe, kumwona akidanganywa na viongozi wake wa dini hadi anapoanza kuitilia shaka imani aliyoipigania, ni jambo ambalo Halo wa kwanza haukuthubutu kulifanya, na ndilo linaloipa hadithi ya Halo 2 nguvu yake mpaka sasa.

Hata hivyo kilichoutofautisha mchezo huu hakikuwa hadithi bali Xbox Live, huduma ya kucheza kwa intaneti iliyoanzishwa na Microsoft Novemba 2002. Kabla ya hapo, mtu wa kompyuta aliyetaka kupigana na watu wa mbali alifunguliwa orodha ndefu ya seva, yaani kompyuta zinazoupokea na kuuendesha mchezo kwa niaba ya wote, akachagua mojawapo kwa kubahatisha, akaingia kati ya wageni ambao huenda walimzidi ujuzi mara kumi. Kundi la Bungie lililoongozwa na Max Hoberman liliiondoa orodha hiyo. Mchezaji alichagua aina ya pambano analolitaka, kisha mfumo ukamtafutia wapinzani wa kiwango chake, kwa kupima ushindi wake katika ngazi 1 hadi 50, na ukaamua wenyewe ni Xbox ya nani iwe mwenyeji wa pambano. Muhimu kuliko yote, marafiki waliweza kujiunga kuwa kundi, wakaenda pamoja kutoka pambano moja hadi jingine bila kutawanyika, huku wakizungumza kwa vipaza sauti vya masikioni, mithili ya wachezaji wa bao wanaomaliza mkono mmoja na kupanga kete kwa mkono mwingine palepale barazani. Leo mfumo wa namna hiyo unakutwa katika karibu kila mchezo wa ushindani unaochezwa kwa intaneti, kiasi kwamba kijana aliyezaliwa baada ya 2004 anaweza kuudhani ni wa asili, lakini katika mashine za kuchezea ulisimama imara kwa mara ya kwanza katika Halo 2. Mchezo huo uliongoza kwa wingi wa wachezaji wa Xbox Live kwa muda wa miaka miwili, hadi mchezo wa Gears of War ulipotoka Novemba 2006, na mwaka huohuo mashindano yake ya kulipwa yalionyeshwa na kituo cha televisheni cha Marekani.

Mkaguzi aliyekabidhiwa nakala kabla ya siku ya mauzo hakuweza kuyaona haya, kwa sababu mtandao usiokuwa na umati hauna cha kupimwa. Wiki moja baadaye, tarehe 16 Novemba 2004, kampuni ya Valve ilitoa Half-Life 2, mwendelezo ambao thamani yake ilionekana mara moja, kwani bunduki yake ya mvutano ilimwezesha mchezaji kunyanyua pipa, msumeno au meza na kuigeuza silaha, jambo ambalo mtu hulielewa katika dakika chache za kulijaribu. Ni miendelezo miwili ya fani moja, mwezi mmoja, yenye alama zinazokaribiana, ambayo haikustahili kupimwa kwa mizani moja.

Lakini kuna upande mmoja ambao karibu hakuna mkaguzi wa wakati ule aliyeugusa, nao ni Mombasa yenyewe. New Mombasa ya mwaka 2552 ni jiji la minara mirefu lenye lifti ya anga, yaani kebo kubwa inayonyooka kutoka ardhini hadi nje ya hewa ya dunia ili kupandishia mizigo bila roketi. Kisayansi uchaguzi wa mahali una mantiki, kwa sababu lifti ya namna hiyo hufaa kuwa karibu na ikweta, na Mombasa iko takriban digrii 4 kusini mwake, tena ni bandari. Kando ya jiji hilo upo mji mkongwe wenye vichochoro na ufuo, na kati ya ramani za mashindano imo moja iitwayo Zanzibar, yenye gurudumu kubwa la upepo linalozunguka karibu na bahari. Majina yamechukuliwa, hali ya hewa imechukuliwa, bahari imechukuliwa, ila watu hawakuchukuliwa. Mchezaji huvuka mji huo wote akiwasikia askari wanaozungumza Kiingereza, bila kukutana na mwenyeji mwenye jina. Hili linasikitisha, kwa kuwa Mombasa imewahi kuzingirwa kwelikweli: Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilizingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Waandishi waliotaka kusimulia mji unaoshambuliwa kutoka juu walikuwa na zaidi ya jina la kuazima.

Bungie ilirekebisha jambo hilo kwa sehemu. Halo 3, uliotoka Septemba 2007, uliipeleka vita Tsavo na Voi, nchini Kenya, na Halo 3: ODST, uliotoka tarehe 22 Septemba 2009, uliirudisha Mombasa, safari hii usiku na katika mvua, mchezaji akiwa askari wa kawaida anayetangatanga mitaani akitafuta wenzake. Hatua za mchezo huo zinataja Kizingo na Kikowani, mitaa ambayo mkazi yeyote wa kisiwa cha Mombasa anaijua, na katika rekodi za sauti zilizosambazwa mjini inasikika habari ya msichana, Sadie Endesha, anayemtafuta baba yake mji ukiangamia. Hapo ndipo Mombasa ya michezo hii ilipopata mwenyeji.

Mwaka huohuo wa 2009 ndipo mikongo ya chini ya bahari ya TEAMS na SEACOM ilipofika Mombasa halisi. Kabla yake Kenya ilitegemea setilaiti kwa intaneti ya kimataifa, na ishara inayopanda hadi setilaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000, ikashuka, kisha jibu lake likarudi kwa njia hiyohiyo, hutumia takriban nusu sekunde, muda unaotosha mtu kupigwa risasi kabla hajamwona mpigaji. Kwa hiyo katika miaka ya utawala wa Halo 2, kijana wa Mombasa hakuweza kushindana ipasavyo katika mchezo uliobeba jina la mji wake.

Microsoft ilizima Xbox Live ya mashine za kwanza tarehe 15 Aprili 2010, na wachezaji wachache wa Halo 2 waliokataa kuzima mashine zao waliendelea kupambana hadi Mei, kwa kuwa miunganisho iliyokwisha kufunguliwa haikukatwa. Mchezo ulitengenezwa upya mwaka 2014, na tarehe 9 Novemba 2024, ulipotimiza miaka 20, kile kipande cha New Mombasa kilichoonyeshwa mwaka 2003 kilitolewa ili watu wakicheze. Kwa hadithi yake Halo 2 ni kazi isiyokamilika, na kwa Mombasa ni kazi iliyouchukua mji ikawaacha watu wake. Lakini kwa namna ulivyowakutanisha wachezaji na kuwaweka pamoja, ulistahili kutengenezwa, na Halo wa kwanza peke yake usingeweza kuijaza nafasi hiyo.