Nani Amechafua Udongo wa Kariakoo?

Gerezani, jirani kabisa na soko la Kariakoo, ndiko wakazi wengi wa Dar es Salaam hukimbilia gari linapogoma. Vipuri vipo, mafundi wapo. Oili chafu hukingwa kwenye madumu, ila nyingine humwagika, na ardhi ya gereji hugeuka nyeusi. Mpita njia akiuona weusi huo hutoa hukumu papo hapo: wachafuzi ni mafundi. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini imetangulia ushahidi.

Haidrokaboni, kemikali zilizomo kwenye oili na kwenye moshi, huingia udongoni mafuta yanapomwagika au kitu kinapoungua. Dizeli, kuni na taka zikiungua huzalisha haidrokaboni za pete nyingi. Mojawapo, benzopireni, imethibitishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Moshi huzisafirisha mbali: hata udongo wa milima ya Alps, kusiko na gereji, unazo. Sembuse Kariakoo, yenye malori, jenereta na majiko ya mama lishe, na ambako soko kuu lenyewe liliteketea tarehe 10 Julai 2021?

Maabara inaweza kutofautisha vyanzo vya haidrokaboni hizo. Fluoranthini na pireni zina uzito mmoja wa molekuli, ila pete zake zimepangwa tofauti. Kiasi cha fluoranthini kikigawanywa kwa jumla ya zote mbili, jibu lililo chini ya 0.4 huelekeza kwenye mafuta yaliyomwagika; kati ya 0.4 na 0.5, kwenye moshi wa petroli na dizeli. Juu ya 0.5, kwenye kuni, nyasi au makaa ya mawe.

Hapo ndipo wengi huishia, na ndipo hukosea. Oili iliyokwisha kutumika imebeba masizi ya injini, hivyo ikimwagika inaweza kusomeka kama moshi. Lazima zipimwe pia hopani, ambazo zimo kwenye oili ya injini lakini hazimo kwenye kuni, pamoja na zinki inayotokana na viambato vya oili hiyo. Jua na bakteria nao hula baadhi ya haidrokaboni haraka kuliko nyingine, kwa hiyo sampuli ya juujuu peke yake haitoshi.

Swali hili haliishii gereji. Sehemu ya maji ya mvua ya Kariakoo huteremkia bonde la mto Msimbazi, ambako mchicha hulimwa na kuuzwa mjini. Mto huo huanzia vilima vya Pugu. Udongo wa msitu wa huko, ukipimwa, ungekuwa kigezo kizuri cha kulinganishia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba mchafuzi ndiye alipe. Basi taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira na Halmashauri ya Jiji wapime Gerezani, Jangwani kwenye bonde la Msimbazi, na Pugu kabla ya kumtoza fundi faini au kumhamisha, na wakati vipimo vikiendelea wamwekee mahali pa kupeleka oili chafu.