Amri na Ujumbe Katika Njia Moja

Katika nchi ya Maniema, penye mto Lualaba, kutoka Kindu mpaka Kama na vijiji vya Warega, mwenye kupeleka habari mbali alikuwa na taabu mbili: kuufikisha ujumbe, na kumjulisha msikilizaji ni wapi maneno ya kuita yanapokoma na habari yenyewe inapoanza. Wapigaji wa ngoma za gogo, zenye midomo miwili itoayo sauti ya juu na ya chini, walilitatua jambo hilo zamani sana. Na John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu, karibu na Kisangani, aliyechapisha kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949, alieleza jinsi mlio wa kutaka usikivu na jina la aitwaye vilivyotangulia habari.

Mas-ala hiyo hiyo iliwakabili mafundi wa Marekani. Hapo awali, mtu aliyetaka kompyuta yake isemezane na nyingine kwa waya wa simu alizungusha namba kwa mkono, akasubiri mluzi wa upande wa pili, ndipo akakilaza kishikio cha simu ndani ya vikombe viwili vya mpira. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ilitoa Smartmodem, modemu, yaani kifaa cha kuunganisha kompyuta na waya wa simu, iliyopokea amri za kuandikwa kwa njia ile ile ipitayo habari: ATDT na namba kufuata, modemu ikapiga, ATH, ikakata, ATZ, ikarejea hali yake ya asili. Herufi A na T hazikutangulizwa kwa adabu tu, kwani kwa mpangilio wa mapigo yake modemu ilipima kasi ya mwenye kuandika. Ikishajibu CONNECT, kila herufi ilihesabiwa kuwa habari.

Basi ataamrishwaje mjumbe aliyekwisha kuziba masikio? Dale Heatherington, mshirika wa Dennis Hayes katika kampuni hiyo, alibuni dawa ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya kazi yote: kunyamaza sekunde moja, alama tatu za kujumlisha, kisha kunyamaza tena. Alama hizo zikitokea katikati ya barua hupita kama maandishi mengine; kimya ndicho kizigeuzacho amri. Hataza ilitolewa mwaka 1985, na washindani waliochukia kulipa ada wakakiondoa kimya hicho katika vifaa vyao, hata ikawezekana barua yenye alama hizo na ATH kumkatia simu asiye na hatia.

Maniema haikuyaona hayo kwa wingi, maana waya za simu hazikuenea vijijini, na habari za mbali zilitegemea redio, yaani foni, kama wasemavyo wenyeji. Walakini Hayes, iliyofilisika mwaka 1998, iliacha lugha yake ndani ya simu za mkononi: fundi akichomeka modemu ya mtandao wa simu hizo huko Kama na kuandika AT+CSQ, hujibiwa namba kati ya 0 na 31 ipimayo nguvu ya mawimbi, au 99 ikiwa hayapimiki, na kwa jawabu hilo huamua pa kuusimamisha mlingoti wa antena.