Kondo la Nyuma: Kuzikwa, Kutwaliwa na Kutolewa

Kitu kimfuatacho mtoto azaliwapo huitwa kwa Kiswahili kondo la nyuma, na wengine husema zalio. Jina la kwanza laonyesha nafasi yake: hutoka baada ya mtoto, kazi yake ikiwa imekwisha. Lakini kwa makabila mengi ya Afrika Mashariki kwisha kwa kazi hakukuwa kwisha kwa heshima. Mkunga hakulitupa, bali lilizikwa. Baganda walilihesabu kuwa ni mwenzi wa mtoto, nao wakalizika penye shina la mgomba, kama alivyoeleza John Roscoe katika kitabu chake cha mwaka 1911. Na hata leo asemaye kwamba kitovu chake kimezikwa mahali fulani, maana yake ni kuwa hapo ndipo kwao. Basi swali la nani mwenye kondo lilikuwa na jibu kabla halijaulizwa.

Katika hospitali za Ulaya na Marekani jibu hilo lilipotea, kondo likahesabiwa katika taka. Hata hivyo matabibu walikuwa wamekwisha tambua kuwa lina manufaa. Mwaka 1910 Davis, mpasuaji wa Johns Hopkins mjini Baltimore, alieleza jinsi alivyotumia utando wa chupa ya uzazi kufunika majeraha ya ngozi. Mwaka 1940 de Rötth aliujaribu katika jicho. Utando huo hauna mishipa ya damu, huzuia uvimbe, na mwili wa mgonjwa haukimbilii kuukataa.

Baadaye viwanda vya dawa navyo viliyataka makondo. Ufaransa ilikuwa na kiwanda kilichoyakusanya kutoka hospitali za nchi nyingi, ili damu iliyobaki ndani yake itoe albumini na kingamwili. Dawa ya maradhi ya Gaucher, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1991, ilitengenezwa kwa makondo, na yasemekana mgonjwa mmoja alihitaji yapatayo 20,000 kwa mwaka. Wagonjwa walipata nafuu, wala hilo halina ubishi. Lakini aghalabu mama hakuulizwa. Palikuwa na mtwaaji na mpokeaji, mtoaji hakuwapo. Katika miaka ya 1990 hofu ya maradhi yaambukizwayo kwa damu ilikomesha mkusanyo huo katika Ulaya.

Njia nyingine ilikuwa imekwisha funguliwa. Mwezi Oktoba 1988, katika hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, Éliane Gluckman alimtia mtoto wa Kimarekani, mwenye umri wa miaka mitano na maradhi ya Fanconi, damu iliyokingwa katika kitovu cha dada yake alipozaliwa. Uboho wa yule mtoto ukaanza tena kuumba damu, naye akapona upungufu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 New York Blood Center ikaanzisha hazina ya damu ya namna hiyo, ambamo mama humtolea mtu asiyemjua. Siku hizi yampasa mama aulizwe, damu yake ipimwe UKIMWI, homa ya ini na kaswende, na jina lake lihifadhiwe kwa siri. Utando hupendelewa utokao kwa mama azaaye kwa upasuaji uliopangwa, kwa kuwa hupatikana safi zaidi.

Kiswahili hutenga vitendo vitatu: kutupa, kutwaa na kutoa. Atupaye hasemwi kuwa ametoa, na aliyetwaliwa hakutoa. Mfasiri wa hati ya idhini aandikaye “mabaki ya uzazi” amekwisha kumwambia mama kwamba hana kitu cha kutoa, na jibu lake halina uzito. Aandikaye “kondo la mtoto wako” amemwambia kuwa ni mali yake, ambayo aweza kuizika kama bibi yake, au kumpa kipofu, na aweza pia kukataa. Neno la kwanza lahalalisha kutwaa. La pili ndilo liombalo.