Sadaka Iliyovuka Bahari: Visiwa vya Grenadines na Wanawake Wake



Neno sadaka halituishi mdomoni. Tunalisema tukigawa chakula baada ya hitma, tukimlisha yatima, tukimwombea kheri biharusi anayeingia nyumba mpya. Leo tunakupelekeni mbali, upande wa pili wa Atlantiki, kwenye visiwa vidogo ambako neno hili lilifika pamoja na watu waliofungwa minyororo, likabakia mpaka leo.

Visiwa hivyo ni Grenadines, katika Bahari ya Karibi. Ukitazama ramani utaviona vimejipanga kama shanga zilizokatika uzi, kwa urefu wa kama kilomita 100, baina ya St Vincent upande wa kaskazini na Grenada upande wa kusini. Vingi ni miamba na fungu za mchanga tu. Vinavyokaliwa ni vichache: Bequia, Mustique, Canouan, Mayreau, Union, Carriacou, Petite Martinique na vingine viwili vitatu. Kikubwa kuliko vyote, Carriacou, kina kilomita za mraba kama 34 tu. Mpaka wa nchi mbili unavikata katikati. Carriacou na Petite Martinique viko chini ya Grenada, iliyopata uhuru mwaka 1974. Vilivyobaki viko chini ya St Vincent, iliyojitawala mwaka 1979.

Visiwa hivi ni vilele vya ardhi iliyozama, vilivyozaliwa na volkano za zamani sana. Bahari inayovizunguka si ya kina kirefu, na zama za barafu, maji yaliposhuka, sehemu kubwa ilikuwa nchi kavu moja. Vilima vyake ni vifupi. Mlima mrefu kuliko yote, Mount Taboi katika kisiwa cha Union, una kama mita 300 tu. Kwa hiyo mawingu mengi yanapita juu bila kumwaga mvua, na hakuna mto hata mmoja. Maji ya kunywa yanatoka juu ya mapaa, yanapita kwenye mifereji na kuingia kwenye birika la nyumba. Kiangazi kikirefuka, mama wa nyumba anahesabu ndoo.

Tusiusahau ukavu huo, kwani ndio unaoeleza mengi katika historia yao.

Kabla ya Wazungu walikuwako Wakalinago, na majina ya Bequia, Canouan na Carriacou yanatokana na lugha yao. Wafaransa walifika, kisha mwaka 1763 mkataba wa Paris ukaviweka visiwa mikononi mwa Waingereza. Mashamba makubwa yakalimwa pamba na miwa, na waliolima walikuwa Waafrika waliotekwa na kuuzwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, wanawake kwa wanaume.

Kisiwa kimoja kidogo, Baliceaux, kina kilio chake peke yake. St Vincent walikuwako Wagarifuna, watu wa damu ya Kiafrika na ya Kikalinago, waliopigana na Waingereza kuilinda ardhi yao. Kiongozi wao, Joseph Chatoyer, aliuawa Machi 1795. Baada ya kushindwa, maelfu yao, pamoja na wanawake na watoto wachanga, walikusanywa na kutupwa Baliceaux, kisiwa kisicho na maji. Katika miezi michache zaidi ya 2,000 walikufa kwa maradhi na dhiki. Waliosalia walipakiwa merikebuni mwaka 1797 na kushushwa Roatán, pwani ya Honduras. Kizazi chao kipo Amerika ya Kati mpaka leo, na lugha yao haijafa.

Utumwa ulifutwa kisheria tarehe 1 Agosti 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Hapo ndipo ukavu ulipogeuka kheri. Mashamba ya visiwa hivi hayakuwa na faida kubwa tena, na matajiri wengi wakaondoka. Huko Carriacou walioachwa huru walibaki peke yao kwa kiasi kikubwa, wakalima mahindi na mbaazi, wakafuga, wakajenga vyombo vya baharini. Ufundi wao wa kuunda mashua za mbao uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2023.

Wanaume walisafiri kutafuta riziki: Trinidad, Aruba kwenye viwanda vya mafuta, baadaye Uingereza na New York. Kwa miaka mingi wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume kisiwani. Wao ndio waliolima, waliolea, waliopokea barua na fedha, na waliozika wazee. Na kwa kuwa wao ndio waliobaki, kumbukumbu nazo zilibaki kwao.

Kumbukumbu hizo zimo katika ngoma ya Carriacou iitwayo Big Drum. Humo kila taifa la asili lina wimbo wake na mdundo wake: Cromanti, Igbo, Kongo, Temne, Manding na mengineyo. Tulisome vizuri hilo la Manding. Ni Wamandinka na jamaa zao wa Afrika ya Magharibi, ambako Uislamu ulikuwa umeshaenea kwa karne nyingi. Si kila aliyechukuliwa huko alikuwa Muislamu, lakini baadhi yao walivuka bahari na shahada vifuani mwao.

Ndipo linapokuja neno letu. Karamu ya kugawa chakula bure kwa watu, kwa kushukuru au kuwakumbuka waliotangulia, Carriacou huitwa saraka. Katika lugha za Kimande kama Kibambara, sadaka hutamkwa hivyo hivyo, saraka, na wanahistoria wamelirudisha neno hilo kwenye sadaka ya Waislamu. Saraka ya leo imechanganyika na mila nyingine, ikiwamo sahani ya chakula inayowekewa wazee waliokufa, na wengi wanaoifanya ni Wakristo. Hatusemi kuwa ni ibada yetu. Tunasema kwamba msikiti haukuwako, mwalimu hakuwako, msahafu hakuna, na bado kitendo cha kumpa mwenzio chakula hakikupotea.

Mabiharusi wetu watapenda pia kusikia kuhusu harusi za huko. Kila upande, wa bibi na wa bwana, una keki yake na bendera yake, na wachezaji huzibeba na kucheza nazo wakishindana mbele ya watu. Koo mbili hutambiana, kisha zinakuwa moja. Nani kati yetu hajaona upande wa mume na upande wa mke wakitambiana kwa vijembe vya nyimbo?

Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipiga Carriacou. Karibu nyumba zote za kisiwa ziliharibika, na Union na Petite Martinique pia ziliumia vibaya. Fikirieni paa likiondoka mahali ambapo paa ndilo linaloteka maji ya kunywa. Wakaazi wengi walihama, na wazee wanaozijua nyimbo za mataifa si wengi. Nyumba hujengwa tena, lakini wimbo ukifa na bibi aliyeujua, haurudi.

Basi, dada, kaa na bibi yako kabla ya siku yako ya harusi. Muulize kwa nini tunafanya tunayoyafanya, na andika anayokwambia. Na utakapogawa sadaka, wakumbuke kwa dua wale mama wa Kimandinka ambao majina yao hakuna aliyeyaandika. Allah awarehemu waliokufa wakimwamini.