Jedwali Nyuma ya Nyota

Historia ya astronomia tunayofundishwa huanza na Galileo na darubini yake, kisha hurukia darubini kubwa zaidi. Naona simulizi hilo limesahau majedwali.

Nuru ya nyota ikitawanywa, huonekana kama ukanda wa rangi uliokatwa na mistari myeusi. Kila elementi ina mistari yake, mfano wa alama za vidole; na alama za vidole hazimtambulishi mtu kama hakuna daftari la kuzilinganisha nalo. Leo daftari hilo liko kwenye intaneti. Hifadhidata ya spektra za atomu ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, hutumiwa bure: mwanaastronomia huandika jina la elementi na mipaka ya urefu wa mawimbi, majibu yakatokea papo hapo.

Urahisi huo unaficha maisha ya watu. Charlotte Moore, mzaliwa wa Pennsylvania, alimaliza masomo ya hisabati katika chuo cha Swarthmore mwaka 1920, akaajiriwa Princeton kumfanyia hesabu Henry Norris Russell. Cheo chake kilikuwa "kompyuta". Siku hizo neno hilo lilimtaja mtu. Princeton haikuwapokea wanawake kama wanafunzi, hivyo shahada ya uzamivu aliifuata California, akaipata Berkeley mwaka 1931. Jedwali lake la mistari lilitoka mwaka 1933, na lililosahihishwa likatoka mwaka 1945. Mwaka huohuo alihamia ofisi ya taifa ya viwango, ambayo ndiyo NIST ya leo, na huko akatayarisha juzuu tatu za viwango vya nishati ya atomu: 1949, 1952 na 1958. Jina la Russell limo katika mchoro ambao kila mwanafunzi wa nyota huuchora. La Moore (baadaye Moore Sitterly) wengi wetu hatujawahi kulisikia.

Je, kazi ya jedwali ni ukarani tu? Kisa cha teknetiamu kinakataa. Elementi hii haina aina iliyo thabiti; hata ile inayodumu sana huoza ndani ya mamilioni machache ya miaka, na ilibidi itengenezwe na binadamu ndipo ichunguzwe. Mwaka 1950 William Meggers na Bourdon Scribner, wa ofisi hiyohiyo ya viwango, walichapisha vipimo vya mistari yake. Mwaka 1952 Paul Merrill akaikuta mistari hiyo katika nuru ya nyota kubwa nyekundu. Nyota hizo zina umri mkubwa kuliko teknetiamu iwezavyo kudumu, kwa hiyo ilikuwa imeundwa humohumo ndani yake. Bila vipimo vya maabara, Merrill angebaki na mistari isiyo na jina.

Moore alistaafu mwaka 1968, lakini akaendelea na kazi katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini. Katika hifadhidata ya leo, pembeni mwa tarakimu kuna safu ya marejeo inayoonyesha kila kipimo kilitoka wapi. Wanafizikia huipita haraka. Mimi nasoma historia, na naanzia hapo.